Jina la Baba Machimboni Maganzo

Ugonjwa wangu ni maneno. Nafundisha Kiingereza sekondari hapa Shinyanga, na yanayonitesa zaidi ni yale maneno adimu ya Kiingereza yaliyozaliwa na majina ya Wagiriki wa kale. Chukua "procrustean". Palikuwa na jambazi aliyewalaza wapita njia kitandani kwake: mrefu alikatwa miguu, mfupi alivutwa mpaka atoshe. Leo sheria inayolazimisha watu wote walingane inaitwa kwa jina lake. Au "stentorian", kutoka kwa mpiga mbiu wa vita mwenye sauti ya watu hamsini. Jamani, mtu umeishi maisha mazima, halafu unakumbukwa kwa koo! Huwa najiuliza watoto wao walijisikiaje.

Nina sababu ya kuuliza. Marehemu baba yangu alichimba almasi Maganzo. Siku moja aliacha dirishani kijiwe cha almasi alichokuwa amekipata, akatoka kuomba kiberiti. Aliporudi, kuku walikuwa wanatimka pale dirishani na kijiwe hakipo. Kuku yupi? Hakujua. Akachinja wote, akapasua firigisi moja moja, kisha akaenda kununua wa majirani nao akawachinja. Hakupata kitu. Tulikula kuku mpaka tukawachukia. Maganzo nzima ilicheka, na tangu siku hiyo mtu akitafuta kitu kwa wazimu, walitia "ki" mbele ya jina la baba wakasema anatafuta hivyo.

Mwaka huu nimepata mtoto wa kiume, na kwetu Wasukuma mtoto hurithi jina la babu. Mke wangu, mzaliwa wa Maganzo hukohuko, akang'aka.

"Thubutu, mwalimu! Mwanangu aende shule akachekwe kwa kuku wa babu yake?"

Niliumia. Baba ndiye aliyenifundisha kusoma, kwa vipande vya magazeti vilivyofungia maandazi. Nisipompa mtoto jina lile, litakuwa limekufa na baba. Tukanuniana siku kadhaa, mwishowe mke wangu akasema, "Haya, nenda Maganzo ukasikilize. Ukikuta hawamcheki tena, mpe."

Nikaenda. Kwenye maji ya kuoshea mchanga, akina mama wawili walikuwa wanachekecha. Mmoja alipotaka kumwaga, mwenzake akamwambia, "Usimwage! Rudia, chekecha ki—" na hapo akataja jina la baba yangu. Nikasogea.

"Shikamoo, baba," akasema yule aliyelitaja.

"Marahaba. Samahani mama, hilo neno maana yake nini?"

"Kutafuta bila kukata tamaa. Unarudia, unarudia, mpaka mchanga wenyewe ukuonee huruma."

Hakuna aliyecheka! Nusura nimkumbatie. Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu anayesubiri kusifiwa, "Na lilitoka kwa nani?"

Akanishangaa. "Kwa nani tena? Si mtu, baba. Ni neno tu."

Furaha ikanikauka mdomoni. Nilikaa kwenye kifusi nikalia, wale akina mama wakidhani nimefiwa.

Nikampigia mke wangu. "Hawamcheki tena," nikamwambia. "Hawamjui kabisa. Hawajui hata kama alikuwa mtu."

Nilisikia mtoto analia mgongoni kwake.

"Basi rudi nyumbani," akasema.

Kisha, kabla hajakata simu, nikamsikia anambembeleza mtoto kwa jina la baba yangu.