Talaka Iliyopewa Kikombe

Mwanatumu wa Mjambere alijulikana na watu ambao yeye hakuwajua. Akienda sokoni, watoto walimfuata nyuma wakimwita mke wa Bwana Fundo, naye akijifunika buibui vizuri na kucheka ndani kwa ndani. Mumewe, Badi, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa karani wa ghala huko Changamwe siku za kazi. Jioni za Jumamosi alikuwa Bwana Fundo kwenye televisheni: mwenye nyumba mchoyo, mwenye kisirani, asiyeridhika na chai ya moto wala ya baridi.

Michezo ile haikuandikwa. Mwelekezi wao, mtu wa bara aliyeitwa Mutua, aliwakalisha waigizaji akawasimulia kisa kilivyo, kisha kila mmoja akajitafutia maneno yake, na jina lake vilevile. Walipoanza, mwaka wa themanini na mbili, yule mwanamke aliyepewa kuigiza mke wa Bwana Fundo alikuwa hajapata jina. Badi akasema aitwe Mwanatumu. Alirudi nyumbani akampa mkewe habari hiyo kama mtu aliyeleta leso mpya.

"Sasa hata nikiwa kazini naliita jina lako," alimwambia.

Mungu hakuwajaalia mtoto, na nyumbani hawakuwa na televisheni. Badi hakupenda kujitazama. Mwanatumu ndiye aliyekwenda kwa jirani yao, Selpher, ambaye mumewe alifanya kazi uwanja wa ndege. Alikaa mkekani pamoja na watoto wa nyumba ile, na Selpher hakukosa neno. "Mwenzangu, leo umempikia nini huyu? Mbona kanuna hivi?" Mwanatumu alijibu kwamba huyo hakupikiwa, amejinunia mwenyewe. Miaka minne ilipita hivyo, na ilikuwa miaka mizuri.

Mwaka wa themanini na sita Mutua alileta kisa cha Bwana Fundo kumwacha mkewe. Walikirudia mara nyingi studioni, na kila mara maneno ya Badi yalitoka makavu. Mwisho Mutua alimvuta kando. Alimwambia asimtazame yule mwigizaji. Amfikirie mkewe wa kweli, wa nyumbani, amwone akitoka mlangoni na furushi lake la nguo. Badi akafanya alivyoambiwa. Safari hii machozi yalimtoka kweli. "Mwanatumu, nimekuacha," alisema. "Nimekuacha kwa talaka tatu. Nenda kwenu."

Jumamosi ile ilipoonyeshwa, Selpher alifungua kinywa atie utani, akamtazama jirani yake, akakifunga. Mwanatumu alikuwa ameisikia sauti ileile iliyokuwa ikimwamsha alfajiri kwa sala. Aliinuka kabla mchezo haujakwisha. Badi alikuwa nyumbani akimngoja amwambie ulikuwaje.

"Nimekusikia ukiniacha," Mwanatumu alisema.

"Ni mchezo, Mwanatumu."

"Najua ni mchezo. Lakini jina ni langu."

Hata hawakuyamaliza hayo. Asubuhi yake alifika Nassor, kakake Mwanatumu, kutoka Likoni. Nassor alikuwa mwalimu wa madrasa, na televisheni kwake haikuingia, lakini habari ilimfikia msikitini. Alisema talaka haina mzaha. Mtu akiitamka hata kwa utani, imepita. Badi alimjibu kwamba aliyesema ni Bwana Fundo. Nassor akamuuliza Bwana Fundo amezaliwa na nani. Wakakubaliana waende kwa Sheikh Khatibu, mzee wa Kisauni aliyewasomesha wote wawili utotoni.

Wanaume walikaa ukumbini, na Mwanatumu akakaa nyuma ya pazia. Sheikh alisikiliza pande zote, kisha akasema kwamba mtu anayesimulia maneno ya mwengine hakuacha mke. Nassor akadai kwamba jina lililotajwa ni la dadake. Sheikh akamgeukia Badi kwa upole.

"Uliposema, mwanangu, ulimkusudia mkeo?"

"La, sheikh. Wallahi sikumkusudia."

"Na machoni mwako alikuwa nani?"

Nyuma ya pazia Mwanatumu aliomba moyoni Badi ataje yeyote yule, ataje hata ukuta. Angeweza kusema uongo, na hakuna binadamu angejua.

"Alikuwa yeye," Badi alisema.

"Mimi naona haikupita," Sheikh alisema. "Lakini moyo wenye shaka siwezi kuulazimisha. Mwanatumu ajipime mwenyewe."

Nassor hakungoja mtu ajipime. Alisema mwanamke hawezi kuishi na mwanamume katika jambo la shaka, na siku hiyohiyo akamchukua dadake kwenda Likoni. Mwanatumu alikubali, akasema ni kwa muda, mpaka moyo utulie. Watu walidhani kilichomwondoa ni hofu ya dini. Hofu hiyo ilikuwapo, lakini palikuwa na kitu kingine kilichomchoma zaidi, ambacho hakumwambia mtu. Alijiuliza: mtu akiuona uso wangu ukitoka mlangoni na nguo zangu, anawezaje kuyamaliza yale maneno?

Kabla ya mwaka kwisha, Badi aliitwa Nairobi kupewa kikombe cha mwigizaji bora. Kisa kilichompatia kikombe kilikuwa kile cha talaka. Aliporudi hakupitia nyumbani. Alivuka feri moja kwa moja mpaka Likoni, kikombe kimefungwa kwa gazeti, akamkuta Nassor barazani. Alitoa salamu, akajibiwa. Akaomba amsalimu mkewe.

"Umepewa kikombe kwa kumwacha dada yangu," Nassor alimwambia. "Kaa nacho."

Mwanatumu alikuwa amesimama nyuma ya mlango, karibu mno hata alizisikia pumzi za Badi. Alitaka kutoka. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye komeo. Akasubiri mumewe aseme neno moja zaidi, na Badi naye, kwa adabu zake, hakutaka kubishana barazani kwa watu. Akaaga, akaondoka.

Baada ya hapo miaka ilikwenda kwa namna ya ajabu: Badi akizidi kupewa heshima huko nje, nyumba yake ikizidi kunyamaza. Mutua alitaka kumwoza Bwana Fundo mke mpya ili mchezo uchangamke. Badi alikataa katakata. Basi Bwana Fundo akabaki peke yake, akijipikia, wali ukimuungulia, akikwangua ukoko huku akiusifu kwamba ndio utamu wenyewe. Nchi nzima ilicheka. Mwanatumu, aliyekuwa akitazama kwa jirani wa Likoni siku ambazo Nassor yuko darasani, ndiye pekee aliyejua wali ule uliungua kwanza katika sufuria gani, huko jikoni kwao Mjambere. Kwa kisa hicho cha kujipikia Badi alipewa ngao, na baadaye kikombe kingine, na cheti chenye muhuri. Waandishi wa magazeti walimuuliza habari za jamaa zake, naye hakubadilisha jibu hata mara moja: ana mke, yuko Likoni kwa nduguye.

Mwanatumu alisoma maneno hayo gazetini, akayakunja pamoja na gazeti. Nassor alikuwa amekwisha kuleta wachumba wawili, watu wazima wenye heshima zao. Wote aliwakataa, na Nassor alipomuuliza sababu alisema hajisikii vizuri. Hakuweza kusema kwamba ana mume. Hakuweza kusema kwamba hana. Alikuwa akilala katika chumba cha uani cha nduguye, akisuka mikeka na kusaidia kuwasomesha wasichana Kurani, na katika sala ya usiku alimwomba Mungu amtoe katika shaka, kisha asubuhi akaamka nayo.

Mwaka wa tisini na saba wakubwa wa sanaa waliamua kumpa Badi tuzo ya kazi yote ya maisha yake, na karamu ikapangwa papa hapa Mombasa. Badi alimtuma Selpher avuke Likoni.

"Mwenzangu, kuna viti viwili," Selpher alisema. "Cha pili amekataa kisikaliwe na mtu. Nimempa wazo akae na dadake, akanitazama kama nimemtukana."

Mwanatumu alipiga pasi buibui lake. Alijitia udi. Nassor, ambaye siku hizo alikuwa amezeeka na sukari inamsumbua, alimwona akitoka na hakusema kitu. Labda angemkataza angekwenda. Alifika mpaka kwenye mteremko wa feri, watu wakimpita pande zote, na hapo akawaza jinsi watakavyonong'ona: si huyu ndiye aliyeachwa kwa talaka tatu, amekuja kukaa na nani? Feri ikajaa, ikaondoka. Akarudi nyumbani kwa miguu. Baadaye Selpher alimwambia kwamba kiti kile kilibaki kitupu hadi karamu ikaisha, na kwamba Badi alipopewa tuzo alirudi akailaza juu yake.

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata Badi alifariki nyumbani kwake Mjambere, baada ya sala ya alfajiri, akiwa bado juu ya msala. Sisi ni wa Mwenyezi Mungu, na kwake tutarejea. Selpher ndiye aliyeleta habari Likoni.

Mwanatumu hakupiga kelele. Aliingia ndani, akavua bangili na vipuli, akavaa nguo zisizo na rangi. Kisha akatoka kumwambia Nassor amsindikize Mjambere, anakwenda kukaa eda.

"Eda ya nani, Mwanatumu?" Nassor aliuliza. "Watu watasema unatafuta mirathi."

"Sitaki hata kijiko. Nakaa eda ya mume wangu."

"Na ile talaka?"

"Ile ilikuwa ya Bwana Fundo. Aliyekufa leo ni Badi."

Sheikh Khatibu alikuwa amekwisha tangulia mbele ya haki, na hapakuwa na mtu wa kwenda kumuuliza. Jibu lake lakini wote wawili walikuwa wamelisikia, miaka mingi nyuma, mmoja ukumbini na mwengine nyuma ya pazia. Nassor alichukua kofia yake na bakora, akatangulia njia.

Walipofika Mjambere wanaume walikuwa wameshaondoka na jeneza. Chumbani wanawake walikuwa wamejaa, na dadake Badi hakujua amkalishe wapi mgeni huyu. Mwanatumu hakungoja kukalishwa. Alipita katikati yao mpaka kwenye mkeka uliotandikwa chini, kando ya kitanda cha marehemu, pale anapokaa mjane, akakaa. Wakongwe walitazamana. Kisha mmoja wao alijikokota mpaka alipo, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mola akupe subira kwa mumeo," alimwambia.

Na wengine wakafuata, mmoja baada ya mmoja.