Pengo la Baisikeli Moja

Mvua ya kwanza ikishaanza Kitale, watu wenye akili wanashika jembe. Sisi tunashika baisikeli. Kila Jumamosi ya Machi na Aprili utatuona tumejipanga nje ya soko asubuhi na suruali zetu za kubana, walimu, wauza nafaka, wauza mitumba kama mimi, na wapita njia wanatucheka. "Mama mzima na nguo hiyo, ati unaenda wapi?" Naenda Kiminini na kurudi. Kama jibu hilo halimtoshi mtu, shauri yake.

Aliyeniingiza kwenye klabu ni mume wangu. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Matulo, na watu wa upande ule wamezaliwa na baisikeli. Babake alikuwa anabeba abiria na gunia la mahindi pamoja, na abiria halalamiki. Mimi nilipanda baisikeli mara ya kwanza nikiwa na watoto watatu. Alinifundisha kwenye uwanja wa shule wakati wa likizo, na tuligombana kuanzia golini mpaka golini.

"Angalia mbele, mama watoto! Usiangalie gurudumu!"

"Nikianguka utapika wewe?"

Nilianguka, na akapika. Ugali ule ulikuwa na mabonge, watoto wakauzungushazungusha kwa sahani wakiniangalia kwa huruma. Kesho yake nilirudi uwanjani, kwa hasira tu.

Klabuni tunaenda kwa mstari mmoja, kwa sababu malori ya barabara ile hayana huruma, na kila mtu ana nafasi yake. Mume wangu alikuwa mbele yangu. Miaka yote hiyo sikuona sana mashamba wala Mlima Elgon. Niliona mgongo wake. Akikaza bega, kuna shimo. Akiinama, kuna kilima. Akitaka kunichokoza alikuwa anaimba pambio la kanisani kwa sauti mbaya makusudi, mpaka nimwambie, "Nyamaza bana, utafukuza malaika." Nakwambia, ukiishi na mgongo wa mtu hivyo unaupenda kuliko uso. Uso una siku zake mbaya.

Sasa, tuna desturi moja ambayo sijaisikia mahali pengine. Mwenzetu akiugua, nafasi yake kwenye mstari haijazwi. Tunaacha pengo la baisikeli moja, na aliye nyuma yake hasogei mbele. Msimu wa kupanda, tukitoka barabarani tunaenda kwake na majembe, tunampandia mahindi, tunakunywa chai yake, tunaenda zetu. Na pengo linabaki mpaka mgonjwa mwenyewe aseme lijazwe. Mke hawezi kusema. Kapteni hawezi kusema. Kuna mzee alivunjika mguu, pengo lake likakaa misimu miwili, na siku aliyorudi aliingia ndani yake bila kusalimia mtu, tukaendelea. Kwetu pengo ni ahadi.

Mwaka jana mvua zikianza, mume wangu alianguka akijiandaa kwenda kazini. Kiharusi. Mkono na mguu wa kushoto vikafa ganzi, mdomo ukavutwa upande wa kulia. Maneno yalirudi baada ya muda, mazito lakini yanaeleweka, ila yeye hakuyataka tena. Mtu aliyezoea kusikizwa na darasa zima alisikia ulimi wake ukiteleza, akaamua kunyamaza. Wageni wakija, anageukia ukuta. Klabu ilipokuja kutupandia mahindi alikataa hata kutoka kwa veranda. Nilipeleka birika shambani nikawaambia amelala. Walijua hajalala. Pazia lilikuwa linatikisika.

Mimi alinisukuma nisiache kuendesha. "Nenda," alikuwa ananiambia kila Jumamosi. Neno moja. Kwa hiyo nilienda, nikakaa nyuma ya pengo lake.

Watu walidhani naumia kuliona. Kumbe lile pengo ndilo lilikuwa dawa yangu. Ukilitazama kwa muda, hasa ukungu ukiwa umeshuka, unaweza kuamini kwamba mtu amesimama tu kukojoa na anakuja. Nyumbani nilikuwa na mume aliyetazama ukuta. Barabarani nilikuwa na mume anayekuja. Nilimtamani, sioni haya kusema, nilimtamani na pambio lake baya na kila kitu. Na niliogopa jambo moja tu, siku atakayosema pengo lijazwe. Hiyo siku ningejua harudi.

Mwezi wa nne mwaka huu tukawa na mashindano yetu, Kitale mpaka Bungoma kupitia Webuye. Zawadi ni jogoo, kwa hivyo usifikirie mambo makubwa. Shida yetu kila mara ni watu wa kujitolea kusimama njia panda. Kapteni wetu, mama muuza nafaka ambaye sauti yake hufika mtaa wa pili, alikuja nyumbani. Hata hakuniuliza mimi. Alivuta kiti mpaka karibu na kitanda.

"Mwalimu, nimekosa mtu wa njia panda ya Kamukuywa. Kazi yenyewe ni kukaa. Si kukaa unajua?"

Nilitaka kumzaba kofi. Mume wangu akageuza uso kutoka ukutani.

"Kiti kiwe na mgongo," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza mgeni kusikia sauti yake tangu augue. Nilienda jikoni nikajifanya natafuta chumvi.

Siku ya mashindano jirani alimpeleka kwa gari mapema. Wakamkalisha mbele ya duka pale Kamukuywa, kiti cha plastiki, bendera nyekundu kwa mkono wa kulia. Kazi ilikuwa rahisi. Ukitoka Kitale, moja kwa moja ni Webuye, na ndiyo njia yetu. Kulia ni Kimilili, na ukifuata huko utapita miwa ya Kabuchai uingie Bungoma kutoka upande mwingine kabisa.

Halafu mvua ikanyesha. Mwenye duka, kwa roho nzuri, akampa mwavuli. Mtu mwenye mkono mmoja mzima achague, mwavuli ama bendera. Akachagua mwavuli, bendera akailaza kwa magoti. Mara kundi la mbele likatokea, vichwa chini, maji machoni.

"Mwalimu, wapi?"

Hakutaka kupaza ile sauti yake mbele ya soko. Akafanya ambacho kila mtu wa huku angefanya. Alibenua midomo. Kwetu mkono ni wa kazi, njia huonyeshwa kwa mdomo, na hata mtoto anajua kuufuata. Mume wangu aligeuza uso kuelekea Webuye akabenua, moja kwa moja, kwa moyo wake wote. Lakini mdomo wake ulikuwa umehamia kulia tangu mwaka jana.

"Asante, mwalimu!" wakasema, na wote wakakata kulia kwenda Kimilili.

Mimi niko kundi la nyuma. Nilipofika nilikuta mwavuli unabingirika barabarani na mume wangu amesimama. Amesimama! Ameshikilia nguzo ya duka kwa mkono mmoja na anapiga kelele na ile sauti aliyoificha mwaka mzima. "Webuye! Nyinyi! Webuye!" Akina mama wa nyanya wanamsaidia kuita, lakini nani atawasikia, wenzetu walishavuka kilima.

Nilitupa baisikeli nikamshika.

"Nimewapoteza," akasema. "Wote. Nimewaonyesha vizuri, lakini wote wameenda kulia."

"Umewaonyesha vipi?"

Akanionyesha. Akabenua midomo, kwa uangalifu wa mwalimu, na ikaenda zake Kimilili.

Mungu anisamehe, nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika tumbo, mke gani mimi, hujafa hujaumbika na bado nacheka. Alinikazia macho, nikajua leo nimeharibu. Halafu bega lake likaanza kutikisika. Alicheka na nusu ya uso, mate yakamtoka, hakuyafuta, na akina mama wa nyanya wakacheka bila kuambiwa kwa nini. Tangu aanguke nilikuwa sijamsikia akicheka.

Bungoma watu walikuwa wamefunga utepe upande wa barabara ya Webuye, wamesimama wanautazama. Wenzetu wakatokea nyuma yao, kutoka Kabuchai, matope mpaka kwa nyusi, na wawili wanatafuna miwa. Jogoo alishtuka akakata kamba, na mshindi wa mwaka huu mpaka leo hajulikani, kwa sababu kila mtu alikuwa anakimbiza jogoo. Kapteni alienda moja kwa moja mpaka alipokaa mume wangu chini ya hema, maana jirani alikuwa ameshamleta kwa gari, akaweka mikono kiunoni.

"Wewe mwalimu! Umenipitisha mlangoni kwa wakwe zangu Kabuchai, nimevaa hii suruali, na sijabeba hata sukari!"

Hema lote likalipuka. Na yeye akajibu, kwa ule ulimi mzito, mbele ya watu wote, "Si ungewasalimia tu kwa mdomo."

Basi tukala. Alikaa katikati ya watu, anaongea, wanainama kumsikia vizuri, na hakuna aliyejali. Mimi nazunguka na sufuria ya kuku nikiwa na furaha ya kijinga. Nilijiambia amerudi. Leo sauti, kesho mguu, keshokutwa baisikeli. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria kujaza magurudumu yake upepo.

Ndipo akagonga sahani kwa kijiko.

"Lile pengo langu," akasema. "Jazeni."

Kapteni alinitazama mimi kwanza, kisha akaitika kwa kichwa, kwa sababu desturi ni desturi. Sufuria ilikuwa mkononi na sikujua niiweke wapi.

Tuligombana ndani ya gari la jirani kutoka Bungoma mpaka Kitale, na jirani maskini akawa anaongeza sauti ya redio.

"Hukuniuliza!"

"Pengo ni langu."

"Na mimi ninayelitazama?"

"Ndiyo hiyo sasa. Unalitazama hilo. Barabara hutazami. Kapteni ameniambia juzi ulikaribia kuingia chini ya lori."

"Heri lori."

"Usiseme hivyo, mama watoto." Akatafuta maneno. "Mguu huu haurudi kwa pedali. Daktari alisema, na ulikuwa hapo."

Nilikuwa hapo. Nilisikia kila neno la daktari yule, na tangu siku hiyo nilikuwa nikiendesha baisikeli ili nisilisikie. Jirani akapunguza redio.

Jumamosi iliyofuata waliniwekea dada mmoja mbele yangu, nesi, mgeni kwenye klabu. Anaendesha magoti nje, mabega juu, na kila tukifika kilima anageuka kunitabasamia. Hana kosa lolote yule dada. Nilimchukia mpaka Kiminini, na kurudi nikamchukia tena. Mgongo wake haukuniambia kitu.

Niliporudi nyumbani nilimkuta mume wangu ameketi kwa veranda, ameoga, shati limefungwa vifungo vyote, blanketi kwa miguu. Kapteni alikuwa amepita kumwambia njia panda zote za msimu huu ni zake, sharti tu atumie bendera. Nilitaka kumpita niingie ndani na hasira zangu.

"Kaa," akasema. "Niambie barabara."

Mwaka mzima hakuwahi kuniuliza. Nilikaa kwa ngazi na nguo zangu mbichi nikaanza, kwa ufupi kwanza, kumwonyesha kwamba bado nimenuna. Nikamwambia tulivyotoka soko, shimo la kinu cha posho limekuwa bwawa, mahindi yamechipua pande zote. Alikuwa amefumba macho. Nikamwambia kilima kinaanza. Ndipo nikaona blanketi.

Mguu wake mzima, ule wa kulia, ulikuwa unakanyaga. Taratibu, chini ya blanketi, unasukuma na kuachia, unasukuma na kuachia, na kwa sababu nilikuwa nimesema kilima, ulikuwa mzito. Nikaelewa jambo ambalo sikuwa nimelifikiria hata siku moja, mimi na pengo langu na machozi yangu. Huyu mtu alikuwa ananiambia nenda kila Jumamosi, halafu anabaki hapa na hamu hii yote, bila kunionyesha.

Nilikuwa nimeacha kusimulia katikati ya kilima.

"Endelea," akasema, macho yamefumbwa.

Siku hiyo klabu ilikuwa imefika Kiminini ikageuka. Mimi, kwa kusimulia kwangu, sikugeuka. Nilimpeleka mbele, tukapita Kamukuywa, tukapita Misikhu, tukashuka Webuye mvua ikiwa imekatika, nikamtajia kila mti niliokumbuka na mingine nikaitunga, nikazidi kwenda polepole ili tusifike haraka, mpaka Matulo, mpaka kwa lango la mamake, na yeye bado anakanyaga.