Mlango wa Majivu

Judica alikuwa na tabia moja iliyomwaibisha mumewe: akifika nyumba ya watu, kabla hata chai haijamiminwa, anaomba aonyeshwe choo. Na akiingia hatoki. Siku ya kipaimara cha mtoto wa dada yake, kule Dongobesh, alikaa humo mpaka wenyeji wakaanza kuulizana kama mgeni ameharibikiwa na tumbo. Tumbo lilikuwa zima. Judica alikuwa amechuchumaa na kopo la maji, akimimina kidogo kidogo sakafuni aone yanakimbilia wapi. Yalikimbilia mlangoni. Akatoka akitikisa kichwa, akiwahurumia wenye nyumba kwa dhati kabisa.

Mwacheni tu, alikuwa na sababu. Masika iliyopita baba mkwe wake, mzee Bura, aliteleza kwenye njia ya choo cha nje, kule nyuma ya zizi, akaumia nyonga. Ilipona kiasi cha kumruhusu atembee na fimbo, lakini udongo wa kijijini kwao Maretadu ukilowa haujali fimbo wala umri. Kuanguka tena kungemmaliza, na wote nyumbani walilijua hilo. Basi Evarist, mume wa Judica, alipouza maharage akatangaza kwamba stoo ya mahindi iliyopakana na sebule itageuzwa kuwa bafu na choo. Kisha, kwa kuwa habari za mabomba zinamchosha, akamwachia mkewe mipango yote.

Evarist hakujua habari ya kikombe. Asubuhi mzee Bura hunywa chai na kuomba nyingine, lakini jioni kikombe chake kikawa kinarudi jikoni kimejaa. Judica alidhani sukari imezidi, akapunguza. Akadhani ni maziwa, akamkamua ng'ombe mwingine. Mwishowe ndipo alipong'amua: mzee hanywi jioni ili asilazimike kutoka gizani. Daktari alimsisitizia anywe maji mengi, naye anajikausha kwa hiari yake! Jambo hilo lilimchoma Judica moyoni.

Kumuuliza hakuweza. Katika ukoo ule mke wa mtoto na baba mkwe hawatajiani choo hata kwa mafumbo. Tangu aolewe, hawajawahi kupishana kwenye njia ile ya zizini. Mmoja akimwona mwenzake anaelekea huko, hugeuka akajifanya anatafuta kuku.

Kwa hiyo Judica akachunguza vingine vyote. Dukani kwa Zulfa, Dongobesh, alivua viatu, akazimwagia maji marumaru nyeupe za maua alizozipenda Evarist, akazikanyaga.

"Dada, umekuja kunioshea duka?" Zulfa akauliza.

"Hizi zinateleza."

"Basi chukua hizi zenye mikwaruzo. Ila watu hawazitaki, rangi imepooza."

Imepooza kweli, rangi ya uji wa ulezi. Judica akazilowesha, akajizungusha juu yake, mguu ukabaki palepale. Akachukua hizo za sakafu, na zile za maua akazipangia ukutani, ili mumewe naye apate furaha yake.

Fundi Yusuph alipofika, alieleza kwa mikono: mlango hapa wa kutokea sebuleni, choo cha kukaa pale, bomba la mvua kona ile, sinki hapa. Judica akasema hewani haoni kitu. Akaleta ndoo ya majivu kutoka jikoni na kumwomba apime tena, safari hii uani. Judica akalichora bafu chini kwa majivu, kwa ukubwa wake halisi, na sebule upande mmoja, na upande wa pili baraza ya nyuma, ile yenye paa ambako chumba cha mzee kinafungukia. Kigoda kikawa choo, beseni likawa sinki. Kisha akaazima fimbo ya kuchungia, akaingia akichechemea.

Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini fimbo iligonga beseni, sinki likahamishwa. Akajifanya anaoga, ikaonekana maji yangemwagikia kigodani. Yusuph akakubali kujenga ukuta mfupi, na sakafu ya kuogea ishushwe kidogo. Akakaa kigodani, akajaribu kuinuka kama mwenye nyonga mbovu, akashindwa.

"Hapa pawe na chuma cha kushikilia," akasema.

Yusuph, aliyekuja na haraka zake, sasa naye alikuwa akiingia na kutoka kwenye majivu, amekolea kabisa. Ni mzee Bura tu aliyebaki kwenye kiti chake barazani, amewapa mgongo.

"Baba, njoo uone imekaaje," Evarist akamwita.

"Nzuri," akajibu bila kugeuka. "Hiyo yenu ni nzuri sana."

Yenu. Judica hakulipenda neno lile hata kidogo. Watu walipotawanyika, alichukua kiti chake akakiweka ndani ya sebule ya majivu, pale anapokaa kila jioni kuchambua maharage. Akainua uso. Mlango wa bafu ulikuwa mbele ya pua yake. Mzee angepaswa kupita mbele ya mkwewe, kila mara, na maji yasikike! Angeona heri matope. Judica alijiona mjinga. Alikuwa amepima kila kitu isipokuwa macho yake mwenyewe.

Lakini mzee angetaka kupita wapi? Judica angemtuma Evarist amuulize, angerudi na "nzuri" nyingine. Kesho yake akamwambia Yusuph aje mchana, akawakusanya wote waende kung'oa maharage yaliyobaki, na ndoo ya majivu akaiweka karibu na kiti cha mzee.

"Shikamoo baba. Tunaenda shamba sote. Tutachelewa."

"Marahaba, mama Eva." Mzee akaitazama ndoo, akamtazama mkwewe, akatazama pembeni. "Kuku nitawaangalia mimi."

Waliporudi, mlango wa sebuleni ulikuwa umezibwa kwa mstari mnene wa majivu uliopinda. Upande wa baraza, mstari ulikuwa umefutwa kwa mguu, upana wa mtu na fimbo yake. Alama za fimbo zilijaa humo ndani, na kigoda kilikuwa kimesogezwa. Mzee Bura alikuwa kitini, amefumba macho, ncha za viatu zikiwa nyeupe.

Yusuph alipofika akashangaa. "Nani kahamisha mlango?"

"Mimi," Judica akasema.

"Lakini mama Eva, siku hizi watu wanataka wa sebuleni."

"Watake. Wewe vunja hapa."

Kitini mzee alikohoa kidogo, macho bado yamefumbwa.

Mvua za kwanza zilikuta marumaru zimekauka. Jioni hiyo Judica alikuwa sebuleni na ungo wa maharage, mbele yake ukuta mtupu. Akasikia fimbo ikigonga sakafu ya baraza, polepole, kisha komeo. Hapo akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti kubwa, mpaka Evarist akamtazama, na hakunyamaza mpaka fimbo iliposikika ikirudi.

"Mama Eva!" mzee akaita kutoka barazani. "Chai imebaki?"

"Ipo, baba."

"Basi nijazie."

Judica akafuta macho kwa upindo wa kanga, akauweka ungo chini, akaenda kuipasha moto.