Maana ya Kumsimamia Mtu Kortini

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka hata nisipotaka, na leo imenirudia tangu tulipotoka kortini Kasese. Sogea karibu, bibi yako amechoka na sauti haifiki mbali. Nimemwambia mama yako amfungue yule mbuzi wa sherehe, amrudishe malishoni. Hatuchinji leo. Najua umenuna, na wenzako wa bodaboda wamepanda mlima wote huu hadi Mahango wakitegemea nyama. Wape chai, waende.

Wakati huo nilikuwa msichana, sijaolewa. Kaka yangu Bwambale alipigana na mtu sokoni, akashitakiwa, akawekwa rumande. Hakimu alikubali kumtoa, ila akataka mtu wa kumsimamia. Ndilo hilo neno lao la Kiingereza, surety, ambalo siku hizi kila mtu analo mdomoni kama pipi. Baba yetu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo akasimama mdogo wake, baba mdogo Thembo, mkulima wa kahawa asiye na maneno mengi. Akaulizwa kama ameelewa, akajibu kwamba ameelewa.

Sisi wengine hatukuelewa kitu. Unajua desturi ya ukoo wetu: ugomvi ukiisha, mbuzi anachinjwa, tunakula pamoja, na baada ya hapo jambo lile halitajwi tena. Tulipomwona Bwambale nje, tukaona yamekwisha. Tulichinja jioni ileile na tukaimba. Baba mdogo peke yake hakugusa nyama. Alisema kesi bado ipo, nasi tukamcheka, tukasema uzee umemwingia mapema.

Bwambale alikula akashiba, na kwa kuwa mbuzi alikuwa ameliwa, akajiona huru kabisa. Haukupita muda akateremka Bwera, akavuka daraja la Mpondwe, akaenda kuuza samaki wa chumvi kwa wajomba zetu upande wa Kongo.

Siku ya kesi nilimsindikiza baba mdogo. Jina la kaka likaitwa, likaitwa tena, kimya. Nikamvuta shati, nikamnong'oneza aseme Bwambale ni mgonjwa, hawezi hata kuinuka kitandani. Alinitazama kwa namna ambayo bado inaniuma.

“Biira,” akasema, “mimi sikuapa ati hakupiga mutu. Kama alipiga, kama hakupiga, sijui, sikuwa huko. Niliapa ati atakuja. Sasa unataka nikuwe muongo mara mbili?”

Akaenda mbele peke yake. Hakuwa na cha kulipa badala ya mtu aliyeahidi kumleta, basi wakamfungia yeye.

Nilipanda lori la samaki lililotoka Kasenyi, nikashuka Bwera, nikavuka kwa miguu. Nilimkuta kaka pale mjini Kasindi, ng'ambo ya daraja, kwenye kibanda chake, anacheka na wateja. Kiswahili chake kilikuwa kimeshakuwa cha kule kabisa. Nikamwambia baba mdogo yuko ndani kwa ajili yake.

“Juge, ule hakimu, aliniachilia,” akasema. “Ile mambo ilishaisha, si tulikula mbuzi? Na baba mudogo ni muzee, hawawezi kumukalisha. Kesho watamufungulia.”

Nilimbembeleza, nikamlilia mbele za watu. Akafunga samaki wawili kwenye gazeti, akaniambia nimpelekee mama. Niliwachukua. Nililia njia nzima, na nilipofika nyumbani tuliwala, maana njaa ilikuwepo.

Kahawa ya baba mdogo iliiva ikaanza kuanguka yenyewe. Mimi na mke wake tulichuma tulichoweza, nyingine ikaozea chini ya miti. Aliachiliwa tu pale Bwambale alipokamatwa sokoni Bwera, alikokuja kufuata bidhaa akidhani amesahaulika. Baba mdogo alirudi amekonda, na kikohozi alichotoka nacho hakikumwacha mpaka kaburini. Hakumtukana kaka hata mara moja. Afadhali angemtukana.

Lakini hapo ndipo tulipoanza kulipa, mwanangu. Binamu yetu mmoja alipokamatwa baadaye, kwa kosa ambalo hakulifanya, hakimu aliuliza nani atamsimamia. Watu walijaa mle ndani, majirani, watu wa kanisani, na wote, wakikumbuka yaliyompata baba mdogo, wakaangalia viatu vyao. Kijana alikaa rumande mpaka mama yake akaacha kuuliza atatoka lini.

Basi nisikilize. Leo asubuhi, hakimu alipouliza kuhusu wewe, niliona watu wakiangalia viatu vyao vilevile. Ndiyo maana niliinuka mimi, na magoti haya. Wanasema ulimvunja mkono yule mvuvi. Mimi sikuwepo, na sikuapa kwamba hukumvunja. Hilo utalijibu mwenyewe. Anayekusimamia hasemi wewe ni mtu mwema. Anasema utarudi, na akishasema hivyo, miguu yako si yako peke yako tena. Dhamana si msamaha. Ni mlango ulioachwa wazi kidogo, na mwili wa mtu mwingine ndio unaouzuia usijifunge.

Daraja unalijua, na wajomba wa ng'ambo watakupokea vizuri, hawana ubaya. Ukitaka kwenda sina nguvu za kukushika. Ila ujue mapema kwamba sitakufuata. Nilishaifuata njia ile mara moja, inatosha. Siku ya kesi nitaoga, nitavaa gomesi yangu ya kanisani, nitateremka. Jina lako likiitwa na kimya kikijibu, sitasema unaumwa. Nitakwenda mbele.

Mungu wa milima hii akulaze salama na akuamshe na akili timamu. Akupe watoto watakaojivunia jina lako likiitwa hadharani. Na siku ile, likiitwa, akupe sauti ya kuitika.