Lantana ilivyotunyang'anya shamba la Mlali enzi za Mjerumani

Wakuu, habari za muda huu.

Hiki kisa si cha kutunga. Nilisimuliwa na bibi mzaa mama, naye aliambiwa na mama yake, Apolonia, ambaye ndiye yalimkuta. Kama hupendi habari za zamani, pita kimya kimya, hatutagombana.

Enzi za Mjerumani, Apolonia aliishi Mlali, chini ya milima ya Uluguru, na mumewe Mikaeli. Jirani yao alikuwa mzungu mwenye shamba la mpira. Huyo mzungu ndiye aliyeleta lantana, akaipanda iwe ua wa shamba lake.

Mnaoijua lantana mnajua. Maua mazuri, miba ya kutosha, ndege wakila tunda wanakwenda kuotesha kwa watu. Haikuchukua muda ikawa imeingia kwenye mashamba ya watu wote.

Basi akida akatangaza amri ya serikali: kila mwenye shamba ang'oe mmea huo kwenye eneo lake kabla ya mvua. Shamba litakalokutwa limefunikwa litahesabiwa pori lisilo na mwenyewe, na serikali italichukua.

Aliyeileta lantana hakuambiwa kitu. Tuendelee.

Sasa wasio Waluguru mnisikilize hapa. Kwetu ardhi ni ya ukoo wa mama. Mwanamume akioa, analima kwa mkewe. Mahindi apande, maharage apande. Ila kupanda au kung'oa chochote chenye shina gumu, hapo lazima kaka wa mke atoe neno. Ukijigusia tu, umetangaza kwamba ardhi ni yako, na hiyo ni aibu kubwa.

Kaka yake Apolonia aliitwa Kobelo. Wakati huo alikuwa amechukuliwa kubeba mizigo ya serikali kwenda Gairo, na hakuna aliyejua angerudi lini.

Mikaeli akasubiri.

Apolonia alimwambia, "Baba Theresia, hii ardhi ya kwetu. Nipe jembe ning'oe mwenyewe."

Akajibiwa, "Umsubiri kaka yako. Watu watasema nimekutuma umchukulie nafasi yake."

Bibi akifika hapa alikuwa anatingisha kichwa. Alisema baba yake alikuwa mpole kupita kiasi, mtu wa kuomba ruhusa hata ya kukata fimbo. Majirani walimtania kwamba akifa ataomba ruhusa ya kuzikwa. Mimi nacheka halafu naumia, maana huo upole ndio uliotumaliza.

Mvua zikakaribia. Lantana ikafika kiunoni. Siku akida anapita kukagua, na askari nyuma yake, Apolonia alikuwa mtoni.

"Shikamoo, bwana akida."

"Marahaba. Shamba hili la nani?"

Wakuu, mtu mwingine yeyote angesema "langu" yakaisha, akapewa viboko vyake na siku chache za kung'oa. Mikaeli alilelewa vingine.

"Si langu, bwana."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Hayupo."

Akida akatazama ile lantana, akamtazama na yeye. "Limeota pori, na mwenyewe hayupo. Sawa."

Apolonia aliporudi na mtungi kichwani alikuta askari wanapigilia vigingi. Alipiga kelele kwamba yeye ndiye mwenye ardhi. Akida akamwambia mume wake ameshasema.

Kobelo alirudi mvua zimeanza, miguu imevimba. Shamba lilikuwa limeshakabidhiwa kwa yule yule mzungu wa mpira. Na mpaka mpya aliuwekea ua gani? Lantana.

Kobelo hakumgombeza. Alikaa chini akasema, "Shemeji, si ungesema tu ni lako."

Mikaeli akamjibu, "Ningesemaje ni langu, na makaburi ya wazee wako yamo humo?"

Mpaka anakufa hakuwahi tena kulima Mlali. Apolonia alimsamehe, ila bibi anasema hakuwahi kulizungumza mbele ya Mikaeli. Kwangu mimi hilo ndilo linaloniuma zaidi ya ardhi yenyewe.

Kwa nini nimeyakumbuka? Mwezi uliopita mtendaji wa mtaa alipita kwetu Bigwa. Kila mwenye kiwanja asafishe magugu, la sivyo faini. Upande wa nyuma lantana imejaa. Akauliza kiwanja cha nani.

Kiwanja ni cha mke wangu, alipewa na mama yake. Mke hakuwepo, na nilishafungua mdomo kusema "si changu."

Nikameza. Nikasema, "Ni chetu." Nikaenda kuchukua jembe.

Mke aliporudi akanikuta nimechanwa mikono yote. Hakuuliza nilipata wapi ruhusa. Aliweka mkoba chini, akashika panga, tukaendelea wote.

Nilichojifunza: heshima ni nzuri, lakini ukiulizwa na mwenye amri, usijitoe kwenye kitu ambacho wenzako wamekuachia ukilinde. Ukweli wa Mikaeli ulikuwa ukweli mtupu, na bado tunaulipia.

Nyie mngekuwa Mikaeli mngejibuje? Waluguru wenzangu, kama nimekosea mila semeni, nitarekebisha. Matusi kwa babu sitaki, alishajilaumu vya kutosha.