Kundi la Sita Lilipoenda Matangani

Siku yangu ya kwanza kazini, katika tawi la chuo chetu kule Murang'a, Mkuu wa Tawi alinikabidhi ufunguo wa stoo ya viti vilivyovunjika na kuniambia hiyo ndiyo ofisi yangu. Kisha akanipa kazi ambayo hata yeye hakuielewa vizuri.

"Madam, panga hawa watoto wa mwaka wa kwanza kwa makundi. Wasome pamoja. Makao makuu wamesema hivyo."

"Niwapange vipi, Mkuu?"

"Kwani wewe si mwalimu? Panga tu."

Nyinyi mnaofika chuoni siku hizi na kukuta makundi yenu yanawangoja kwenye simu, mnadhani yameota yenyewe kama nyasi. Kundi la darasa ni hivi: unachukua wanafunzi kama ishirini na tano, unawapa kozi zile zile za pamoja, kwa mfano hesabu, kompyuta na stadi za mawasiliano. Wanazisoma chumba kimoja, saa zile zile, mwaka mzima. Juu yao unaweka mlezi wa kundi, yaani mhadhiri wa kuwauliza kama wamekula. Lengo ni mtoto aliyetoka kijijini asipotee katika ukumbi wa watu mia tatu.

Mimi niliwapanga kwa alfabeti. Wewe ungefanyaje? Lakini hapo ni Murang'a, ndugu yangu. Nilipofika herufi ya M nilikuwa nimeunda kundi zima la kina Mwangi. Mhadhiri akisema, "Mwangi, soma," darasa zima linasoma. Mwangi mmoja akiugua, hakuna anayejua ni yupi. Mkuu wa Tawi alikuja kusikiliza mlangoni, akacheka mpaka akashika ukuta. Nilimnunia wiki nzima. Muhula uliofuata nilichanganya majina, kozi na vijiji, na mambo yakatulia kidogo.

Baadaye nikahamishiwa Nyeri, chini ya Mkuu wa Kitivo. Huyu alikuwa mtu wa hesabu, mwenye koti zito ambalo hakulivua hata jua la Januari likiwaka. Alinikaribisha kwa sentensi mbili. "Madam, watoto wanaanguka hesabu ya mwaka wa kwanza, na nataka makundi yako yawasaidie hapo. Hayo mengine sitaki kuyasikia."

Hayo mengine ndiyo aliyoyasikia mpaka nikastaafu. Huwezi kufungia watu wa huku mlimani ndani ya chumba kimoja halafu utarajie wasome tu. Kabla wiki haijaisha wamechagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, wameweka faini ya kuchelewa, na wanapanga watamtembelea mzazi wa nani kwanza. Kundi la Sita ndilo lililozidi. Mwenyekiti wao alikuwa Wanjugu, msichana mfupi kutoka Othaya ambaye hata mkutano wa kujadili kutoa fotokopi aliufungua kwa maombi.

Alhamisi moja asubuhi Wanjugu aliingia ofisini kwangu akiwa amevaa nyeusi tupu.

"Madam, tuko na msiba. Munene amefiwa."

Munene nilimjua. Kijana mrefu, mpole, mwanafunzi wa biashara, kwao nje kidogo ya Kerugoya. "Pole jamani. Amefiwa na nani?"

"Hiyo ndio bado hatujui."

"Hamjui?"

"Aliandika kwa grupu ati ameenda nyumbani kidogo, kuna shida. Saa hii ni wiki ya pili na simu yake imezima. Madam, hiyo ni matanga. Tumeshafanya kamati. Blanketi tumenunua, unga na sukari pia tuko nazo. Tunaomba basi tu."

Nilimpelekea Mkuu wa Kitivo ombi lao. Aliweka kalamu chini polepole.

"Madam, mimi nilikupa vikundi vya kusoma. Sikukupa kanisa."

"Mkuu, mtoto amefiwa."

"Basi alete barua ya chifu. Jumatatu wana jaribio la pili la hesabu. Yeye ameshakosa vipindi vingi mno. Akikosa na hilo jaribio, hakalii mtihani, na asipokalia mtihani nafasi yake imeenda. Sheria sikuitunga mimi." Lakini akasaini karatasi ya basi. "Mrudi naye. Mkirudi na sufuria za matanga tu, msinione."

Jumamosi tukaondoka. Wanjugu alikuwa amewagawa waimbaji kwa sauti, soprano mbele, besi nyuma. Tulipofika kwao Munene, basi lilisimama kando ya magunia ya kahawa, vijana wakashuka wawili wawili, weusi kama kunguru, blanketi limebebwa mbele kwa mikono miwili, na wimbo wa majonzi ukaanza.

Mama Munene alikuwa anatoka zizini na ndoo ya maziwa. Akaona basi la chuo anachosoma mwanawe. Akaona nguo nyeusi. Akaona blanketi. Ndoo ikaanguka.

"Ngai! Munene wakwa!"

Akakaa chini kwenye maziwa, akimwita Mungu na mwanawe, akaanza kulia kwa sauti iliyowatoa majirani mashambani. Kundi la Sita walipomwona mama analia hivyo, walijua wamefika mahali penyewe, na wao wakalia. Majirani walipoona wageni wanalia, wakalia zaidi. Nami nikiwa katikati nikatokwa na machozi, na sikujua namlilia nani.

Hapo ndipo Baba Munene alipotokea nyuma ya nyumba, jembe begani, akiwa mzima kabisa. Wanjugu alimkimbilia akamshika mkono. "Pole sana baba. Mungu awape nguvu."

"Ya nini?" akauliza mzee. "Nani amekufa?"

"Sisi tumekuja kuuliza hiyo hiyo."

Wimbo ulikatika, besi kwanza. Nilipiga magoti pale kwenye maziwa, nikamshika mama mabega. "Mama Munene, nisikilize. Mtoto wako hajafa. Sisi tulifikiri wewe ndiye umefiwa. Alituambia yuko hapa."

Mama alipangusa uso kwa leso. "Hapa hajakuja tangu muhula uanze. Hupiga simu kila jioni kwa namba nyingine. Husema yuko darasani." Kisha akauliza kile ambacho sisi sote tulikuwa tumeanza kujiuliza. "Sasa mwalimu, kama hayuko kwangu na hayuko kwako, mtoto wangu yuko wapi?"

Nawaambia ukweli, niliogopa. Nimeona watoto wakipotea chuoni na najua wanavyopotea. Nilimwomba anisimulie simu hizo zikoje.

"Kuna kelele. Chuma kinalia nyuma yake, wiiiii, mpaka simsikii. Nilimuuliza, akasema ni darasa la injinia."

"Munene hasomi injinia," akasema Wanjugu. "Anasoma biashara na sisi."

Hapo nikaitambua sauti hiyo: mashine ya kupasua mbao. Na mbao za kupasuliwa huko kwetu, mahali pa kwanza pa kutafuta ni Gatitu, karibu kabisa na chuo. Tulipanda basi, na mama akapanda nasi vile vile, gauni limelowa maziwa.

Tulimkuta kwenye yadi ya tatu tuliyoingia. Alikuwa mweupe kwa vumbi la mbao kuanzia nywele hadi viatu, ameshika ubao mkono mmoja. Alipomwona mama yake anashuka kutoka basi la chuo pamoja na darasa lake lote limevaa nyeusi, alikaa juu ya magogo.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Wewe!" akapiga kelele mama. Alimzaba kofi moja la mgongo, vumbi likaruka, kisha akamkumbatia akakataa kumwachilia.

Kijana akaeleza. Alikuwa amepata nne kati ya thelathini katika jaribio la kwanza. "Nyinyi wote mlisema ilikuwa rahisi. Tunakaa pamoja kila siku, ningejificha wapi? Nikaona afadhali nitoke, nisiwaharibie kundi."

Nilimtazama Wanjugu. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Wanjugu," nikasema, "wewe ulipata ngapi?"

"Madam, kwani lazima?"

"Lazima."

"Saba."

"Si ulituambia ishirini na sita?" akafoka katibu wake.

"Na wewe ulipata ngapi?" nikamgeukia katibu.

"Sita."

Basi pale pale, mashine imezimwa, mwenye yadi amekunja mikono, Kundi la Sita lilianza kutaja alama zake moja moja. Tisa. Tano. Kumi na moja, na huyo akashangiliwa. Mweka hazina, aliyekuwa anafundisha wenzake kila jioni, alikuwa na tatu. Munene alisikiliza mdomo wazi, na nikamwona anacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Ah, nilifurahi. Nilitamani kuwachapa wote, lakini nilifurahi.

Jumapili hawakulala wala hawakuimba. Nilimvizia mhadhiri wa hesabu nje ya kanisa nikamwomba awafundishe upya tangu ukurasa wa kwanza. Jumatatu Munene alikaa kiti cha mbele. Alipata kumi na sita, Wanjugu kumi na tano, na hilo Wanjugu hajalisamehe. Mkuu wa Kitivo alisoma matokeo yote, akafunga vifungo vya koti. "Hilo blanketi," akauliza, "lilirudishwa?"

"Mama Munene alikataa kulitoa, Mkuu. Anasema aliogopa kiasi cha kutosha kulistahili."

Tangu hapo, kila kundi langu jipya lilianza muhula kwa kutaja alama, mwenye ndogo kwanza. Hiyo ndiyo hekima niliyostaafu nayo, pamoja na saa ya ukutani niliyopewa na chuo, ambayo haitembei.

Mwaka huu, msimu wa baridi, nilishikwa na homa. Sikwenda kanisani, na simu niliiacha bila chaji. Siku ya tatu nilisikia wimbo langoni. Soprano mbele, besi nyuma.

Nilitoka na shuka kichwani. "Niko hai, nyinyi wajinga! Niko hai!"

Wimbo haukukatika mpaka waliponifikia. Sasa ni watu wazima, wengine wana watoto. Mbele alikuwa Munene, amebeba blanketi ninalolijua.

"Mama alisema tusingoje kuuliza," akasema, akanifunika mabegani. "Madam, umekula?"