Kibofu cha Nyongo Sebuleni Kwetu

Nilikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha mtaani Panda. Kijana akitaka kujifunza kazi kwetu, tulimpa kipande cha chuma akitazame, tukakificha, kisha akakichora kutoka juu, mbele na ubavuni. Binti yangu mdogo nilimpima hivyo akiwa bado shuleni. Michoro ikatoka imepinda. Nikamwambia mbele ya kaka zake, "Weye hauna macho ya kazi ya mikono." Kaka zake walichezea vyuma vyangu tangu utotoni, yeye nilimkataza asichafuke. Hilo sikulifikiria.

Leo ni daktari, anajifunza upasuaji Lubumbashi. Juzi alikuja na miwani mikubwa aliyoazimwa na walimu wake. Ukiivaa unajiona katika chumba cha upasuaji, na vishikio viwili mikononi vinakuwa vyombo vya kupasulia. Jumatatu angefanya mtihani kwa miwani kama hiyo. Alishaanguka mara moja; akianguka tena, hatagusa mgonjwa mwaka huu.

"Ulisema kweli, Papa," akaniambia. "Kamera ikigeuka, miye napotea."

Maneno yangu alikuwa ameyatunza miaka yote hiyo. Nikaomba kuivaa ile miwani.

Nikajikuta ndani ya tumbo la mtu, kamera ikiwa imeingizwa kwa tundu dogo, kazi ikiwa kutoa kibofu cha nyongo. Nilisukuma mkono kulia, chombo kikaenda kushoto. Nikatoboa ini.

"Papa! Unaua muntu!"

"Muzee, chunga taa yangu!" mke wangu akapiga kelele mlangoni, mkono wangu ukiigonga taa yake ya mezani. "Ile haiko nyongo!"

Binti yangu akasimama nyuma yangu, akashika viganja vyangu.

"Tafuta ini kwanza. Ini haitembei. Sasa tunageuza kamera, polepole. Nyongo iko chini yake. Nyuma ya nyongo kuna mushipa, bado hauuoni. Usivute."

Tukageuza. Mshipa ukatokea palepale aliposema.

Ndipo nikakumbuka kwamba miwani nimeivaa mimi.

"Weye unaona na nini, mama?" nikamuuliza binti yangu.

Vidole vyake vikalegea juu ya vyangu. "Mu kichwa," akasema taratibu, kana kwamba anajiuliza.

Nikaivua miwani, nikamvalisha mwenyewe, nikiweka nywele zake vizuri chini ya mkanda. "Siku ile nilikosea. Anza."

Nikaondoa taa ya mama yake mezani, nikakaa kumsikiliza akinong'ona: ini, nyongo, mshipa.

Jumatatu mchana simu ikalia.

"Papa, sikuua muntu!"